Kukaa Kimya Chini ya Loleza: Mwongozo kwa Mtu Aliyechoshwa na Mji

Mwanjelwa, hapa jijini Mbeya, saa 4 asubuhi, sikio halina mahali pa kupumzikia. Spika ya muuza dawa ya panya inarudia maneno yaleyale tangu maduka yafunguliwe, bajaji na bodaboda zinagombania abiria, na kwenye barabara kuu ya TANZAM malori ya Tunduma yanashusha gia, moja likipita linafuata jingine. Nimeandika hesabu za duka la jumla katikati ya kelele hizo kwa miaka 9. Mwaka wa 6 nikaona nimeanza kwenda nazo nyumbani. Watoto wakicheka sebuleni, nawagombeza. Usiku nalala na hesabu kichwani, asubuhi naamka mabega yamekaza kama ya mtu aliyebeba ndoo ya maji usiku kucha. Kilichonisaidia hakina gharama: kwenda kukaa nje, mahali palepale, kimya, kila siku ninayoweza. Naeleza hapa jinsi ninavyofanya, kwa ajili ya mtu wa Mbeya, Iringa, Njombe au Mafinga ambaye naye kichwa kimejaa na hajui aanzie wapi.

Kwanza nikuepushe na kosa nililolifanya mimi. Miezi ya mwanzo nilidhani utulivu uko mbali. Jumapili tunachanga nauli, tunapanda barabara ya Chunya hadi kwenye misindano ya Kawetire, au tunashuka Rungwe kuona ziwa Ngozi. Nilirudi na picha nzuri na miguu inayouma, na Jumatatu ikifika saa 4 niko vilevile. Safari hizo zina raha yake, siwezi kumkataza mtu. Kitulo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ukienda kati ya Desemba na Aprili utaelewa mwenyewe kwa nini wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Lakini shamba halioteshi kwa mvua ya siku moja. Mwili unataka mahali pa karibu, unaporudi mara nyingi hadi hata mbwa wa pale wakuzoee.

Hatua ya 1: Tafuta mahali pako

Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote, ipe wiki nzima. Zunguka kwa miguu kuanzia nyumbani au kazini kwako, usitembee zaidi ya dakika 10. Pakiwa mbali zaidi ya hapo utaenda siku tatu, ya nne utasingizia mvua.

Angalia vitu vinne. Pawe na kitu cha kuegemea: mti, ukuta, jiwe. Mtu ambaye mgongo wake uko wazi hageuki kuwa mtulivu, kila akisikia hatua anageuza shingo. Pawe na kitu cha mbali cha kutazama, na hapa sisi wa nyanda za juu tumebarikiwa, maana hapa Mbeya mitaa mingi ukiinua macho unakutana na mlima. Loleza ina mita 2,656 na minara yake juu, inaonekana toka Soweto, toka Mafiati, toka hata dirisha la daladala. Pawe na uhai kidogo, hata kama ni nyasi na njiwa wawili. Na pawe mahali ambapo watu wanakuona kwa mbali bila kukukanyaga. Usijifiche. Kichaka kilichojitenga kina amani mchana mmoja, siku nyingine kina kibaka.

Pangu ni ndani ya uwanja wa kanisa moja upande wa Forest, chini ya mjakaranda, njiani kati ya kituo cha daladala na nyumbani. Wengine ninaowafahamu wanatumia uwanja wa shule siku za mapumziko, ukingo wa shamba la mahindi la jirani, ngazi za nyuma ya nyumba. Eneo la mbele ya stesheni ya TAZARA nalo ni zuri kuliko watu wanavyodhani: treni ya abiria haipiti kila siku, na siku isiyo na treni pale pana nafasi, na anga pana. Kaa upande wa majengo, relini usisogelee.

Iringa mjini mna bahati nyingine. Mimi nimekulia Kihesa, na jiwe la Gangilonga tulilipanda utotoni bila kujua thamani yake. Jina lenyewe kwa Kihehe linamaanisha jiwe linalozungumza, na simulizi za wazee zinasema Mtwa Mkwawa alikuwa akipanda pale kutafakari, na kwamba ni pale alipopata habari ya ujio wa Wajerumani. Ninaporudi likizo napanda asubuhi, nakaa mji mzima ukiwa chini yangu, na huwa nafikiri kuwa kiongozi mwenye vita mlangoni aliona inafaa kupanda kukaa kimya kwanza. Ukienda, nenda na mwenzako, asubuhi. Saa sita mchana jiwe linachoma.

Mwenye kukaa Mafinga ana mashamba ya misitu ya Sao Hill, lakini aombe ruhusa. Kwa kweli kila mahali omba ruhusa. Mlinzi, katekista, mwalimu wa zamu, mwenye shamba, au balozi wako wa nyumba kumi kama hujui uanzie kwa nani. Sentensi moja inatosha: "Naomba niwe napumzika hapa jioni, nusu saa tu." Mimi sijawahi kukataliwa, na tangu niombe mlinzi ndiye anayenilinda.

Mahali pa kuepuka: chini ya mparachichi wenye matunda yaliyokomaa, chini ya mkaratusi mkubwa siku ya upepo kwa sababu matawi yake hukatika ghafla, ukingo wa mto wakati wa masika, na karibu na mzinga wa nyuki hata kama unaonekana mtupu.

Hatua ya 2: Chagua saa

Asubuhi kabla ya kazi au jioni baada yake. Kumbuka tu kwamba jua letu linachelewa. Mbeya iko magharibi mwa nchi, hivyo kunapambazuka dakika 20 na ushei baada ya Dar es Salaam, na mwezi Juni jua linachomoza karibu saa 1 kamili asubuhi. Anayesoma ushauri wa watu wa pwani wa kuamka saa 11 na nusu atakaa gizani akitetemeka.

Mimi nimechagua saa 11 na nusu jioni. Mwanga ni wa njano, mlima unabadilika rangi, na kelele za mji zinaanza kupungua.

Hatua ya 3: Jiandae na baridi, hata siku ya jua

Jiji hili liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maana yake ni mbili. Jua la mchana linaunguza ngozi kuliko unavyohisi kwa sababu hewa ni baridi, basi vaa kofia au jitande kanga. Na jua likishazama, baridi haichelewi hata robo saa. Anayekaa bila kusogea anapoa haraka kuliko anayetembea, kwa hiyo sweta ulilovaa kutoka kazini halitoshi. Ongeza kitenge kizito au shuka la kimasai mabegani. Baridi ikishaingia mgongoni, hakuna utulivu tena, unahesabu dakika za kuondoka.

Cha kukalia: kipande cha turubai chini, juu yake gunia lililokunjwa au kigoda. Nyasi za huku zina umande hadi saa 3 asubuhi.

Simu iache nyumbani. Kama huwezi kwa sababu ya usalama au una mgonjwa, izime na uizamishe chini kabisa ya mkoba. Kuiweka kimya mfukoni hakutoshi, mkono utaifuata wenyewe.

Hatua ya 4: Kagua ulipo kabla ya kukaa

Siafu. Baada ya mvua wanahama kwa misururu, na huwezi kuwahisi mpaka wameshapanda hadi magotini. Zunguka mti mara moja ukitazama ardhi, tazama juu kama kuna tawi lililokauka, kisha kaa.

Hatua ya 5: Dakika 5 za kwanza, toa pumzi ndefu

Egemea. Miguu yote miwili iguse ardhi, mikono ilale mapajani. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe taratibu kwa hesabu ya 6. Hakuna uchawi hapo: pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hupungua kasi, na mwili unaelewa kwamba hakuna simba. Fanya hivyo kama mara 10, halafu acha kuhesabu. Ukiendelea kuhesabu nusu saa nzima utakuwa umerudi kazini, hasa ukiwa mtu wa hesabu kama mimi.

Kisha peleka macho mbali. Siku nzima tumekodolea daftari, simu, mashine ya risiti, na msuli mdogo unaorekebisha lenzi ya jicho umebana muda wote huo. Ukitazama mbali, unalegea. Chagua mstari ambapo mlima unakutana na anga na uufuate polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kama unayepitisha kidole. Nimeufuata mstari wa Loleza mamia ya jioni na bado kuna makunyanzi ninayoyaona kwa mara ya kwanza mvua ikishaosha hewa.

Hatua ya 6: Sikiliza kwa mpangilio

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Wanasema, "Mimi nakaa wapi kimya, mbona kila mahali kuna kelele?" Usisubiri kelele ziishe. Zipange.

Anza na sauti ya mbali kuliko zote. Kwangu ni lori linalopanda mlima kuelekea Uyole, linanguruma kwa chini kabisa. Kaa nayo mpaka ipotee. Kisha sogea: mpira wa watoto uwanjani, mtu anayepasua kuni, redio ya jirani. Kisha sogea tena: njiwa kwenye bati, kunguru wale wakubwa wenye shingo nyeupe wanaoshuka kutoka mlimani, upepo kwenye majani juu yako. Mwisho, pumzi yako mwenyewe. Halafu rudi kwa njia uliyokuja, kutoka pumzi hadi lori.

Wiki ya kwanza nilisikia malori tu. Wiki ya tatu nikagundua kwamba kuna chiriku anayelala kwenye mjakaranda wangu, na kwamba huwa anafika dakika chache kabla kengele ya kanisa haijapigwa. Kelele za mji hazijapungua hata kidogo. Ila sasa, hata nikiwa dukani, spika ya dawa ya panya ikianza najikuta natafuta kilicho nyuma yake, na mara nyingi kipo: fundi anayepiga bati, mtoto anayecheka.

Hatua ya 7: Itikia salamu

Miongozo ya wenzetu wa mbali inasema usiongee na mtu. Huku haiwezekani, na mimi naona pia haifai. Kwetu mtu anayekaa peke yake chini ya mti bila kufanya kitu lazima aulizwe. Siku ya pili tu mama mmoja aliacha njia yake akaja hadi nilipo: "Mwanangu, kulikoni? Umefiwa?" Alikuwa ameweka mzigo wake chini kabisa, tayari kukaa na mimi kama ningesema ndiyo. Nilimjibu, "Hapana mama, napumzika tu kidogo, shikamoo." Akaitikia marahaba, akabeba mzigo wake. Tangu hapo akipita ananipungia.

Kwa hiyo itikia. Shikamoo kwa wakubwa, marahaba kwa watoto. Ukiwa Iringa na mzee akakuambia "Kamwene", mrudishie. Mzee wa Kinyakyusa akikutakia mema, mwambie "Ndaga fijo". Salamu inachukua sekunde 10 na haivunji kitu. Kinachovunja ni wewe kukunja uso na kukereka. Baada ya mwezi watu watakuwa wameshakuzoea na hakuna atakayekusumbua.

Watoto watakuja kukuzunguka siku za mwanzo. Waalike wakae, waambie mnasikiliza ndege. Wengi huondoka baada ya dakika 3, na yule anayebaki, mwache abaki.

Kuna atakayekuuliza hii ni dini gani. Mlinzi wetu aliniuliza hivyo kwa upole, naye alikuwa na haki. Nilimwambia sijaongeza kitu kwenye imani yangu. Ukiwa mtu wa kusali, sali hapo. Ukiwa mtu wa kuvuta uradi, vuta. Ukitaka kukaa tu, kaa.

Hatua ya 8: Mawazo yakija

Yatakuja yote kwa pamoja. Ada ya muhula, marejesho ya kikoba, mchango wa harusi ya binamu, neno ulilotupiwa na bosi. Mtu asiyeyatarajia hudhani ameshindwa, akaondoka. Ukweli ni kwamba mchana kutwa yalikuwa yanakusubiri upate nafasi.

Mimi nina karatasi moja na kalamu ya risasi. Wazo likija mara ya kwanza, nalitazama na kurudi kwenye sauti. Likija mara ya tatu, naliandika kwa maneno mawili au matatu: "ada Neema", "mwite fundi". Nikishaliandika huwa linanyamaza, kwa kuwa limepata pa kukaa. Karatasi naifungua nikifika nyumbani, nikishakula.

Lipo wazo lisiloandikika. Kama umekuwa na huzuni isiyoondoka kwa wiki kadhaa, hulali, huli, au umeanza kufikiri kujidhuru, mti hautoshi. Mwambie mtu wako wa karibu leo, na uende kituo cha afya au hospitali uulize huduma ya afya ya akili. Endelea na mti ukishaonana na daktari.

Hatua ya 9: Muda gani?

Anza na dakika 10, wiki mbili. Ongeza hadi 20. Ukiuliza kwa nini 20, nitakutajia utafiti uliochapishwa mwaka 2019 wa watu karibu 20,000 huko Uingereza: wale waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki nje kwenye maeneo ya asili walikuwa wepesi zaidi kusema wana afya njema na wanaridhika na maisha, na haikujalisha kama ni kwa mkupuo au kwa vipande vidogovidogo. Dakika 120 ukigawa kwa siku 6 ni dakika 20. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba nje ndiko kulikowaponya. Huenda wenye afya ndio hutoka zaidi. Lakini ni kipimo cha kuanzia ambacho mtu wa kazi anakiweza.

Ninaoupenda zaidi ni wa zamani. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha matokeo kutoka hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Alilinganisha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo. Waliokuwa na dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Walikuwa kitandani, hawakugusa jani. Nikiwa na siku ambayo kweli siwezi kutoka, nageuza kiti changu cha dukani kielekee mlango wa nyuma, ambako kuna mgomba mmoja.

Hatua ya 10: Ondoka taratibu

Usikurupuke. Sugua viganja, nyoosha miguu, tazama kama hujaacha kitu. Okota mfuko wa plastiki mmoja au miwili iliyoletwa na upepo, ni kodi yako ya pango. Ukifika nyumbani, kaa dakika chache na watu kabla ya kuwasha simu.

Msimu ukibadilika

Kuanzia Novemba hadi Aprili hutaweza kukaa uwanjani kila siku. Wingu likishafunika minara ya Loleza, una muda mfupi wa kukunja turubai. Radi ikisikika, hata ya mbali, ondoka chini ya mti na uingie ndani ya jengo. Mti ulio peke yake ndio unaovuta radi. Siku hizo nahamia kibarazani nyumbani. Mvua kwenye bati inafuta sauti nyingine zote, na zoezi la kusikiliza linageuka: unatafuta tofauti kati ya tone la bati, tone la ndoo na tone la majani ya mgomba.

Juni na Julai hamisha saa, njoo saa 4 siku ya Jumamosi ukae juani. Septemba vumbi ni kali, funga kanga puani. Oktoba mjakaranda unachanua na ardhi inageuka zambarau, hapo nakaa hata saa nzima.

Mwaka jana walikata tawi kubwa la mti wangu lililokuwa likielekea upande wa nyaya za umeme. Nilifika jioni nikakuta anga pameachama na mwanga mkali unanipiga usoni, chiriku hayupo. Nilitaka kuhama siku hiyohiyo. Mlinzi akaniambia, "Dada, kaa kwanza." Nikakaa wiki mbili nikiwa na kofia, nikisikiliza uwanja ambao sasa ulikuwa na sauti tofauti. Ikikutokea mahali pako pakaharibiwa, jipe wiki mbili hizo, ndipo urudi kwenye hatua ya 1 uzunguke tena kwa miguu. Mimi sikuhitaji. Nilisogeza kigoda hatua 6 upande wa mashariki wa shina, na mwezi uliofuata, kabla ya kengele, chiriku alirudi akatua kwenye tawi la chini.